Mwalimu wa Bahari, Ahmad bin Majid: Dira Yake, Msimu Wake na Tuhuma Aliyobebeshwa

Himdi zote anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote.



Habari hii ilituanzia mahali pasipo na bahari. Msimu uliopita wa viazi tulifuatana na ndugu zetu wawili wafanyabiashara wa Unguja hadi Kichiwa, upande wa Njombe, kununua viazi mviringo ambavyo wengi wetu tunavila visiwani bila ya kujua vimetoka wapi. Mzigo ukapakiwa, lori likafika Makambako, na hapo likaharibika tukalala siku mbili. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita kwenda Mbeya na Zambia, nyingine inachepuka kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina kituo chake hapohapo. Baridi yake mtu wa visiwani haisahau upesi.

Ilipoingia Adhuhuri kijana mmoja katika sisi aliiweka simu yake juu ya boneti la lori atafute kibla. Mshale ukaelekea machweo, na kila mmoja akaona kuwa sivyo, kwani kutoka Njombe kibla ni kaskazini kwa kuegemea mashariki kidogo tu. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa akingojea Swalah pamoja nasi akamwambia kijana asogee mbali na chuma. Akaenda hatua kama ishirini, mshale ukageuka ukatulia. Tukaswali.

Baada ya hapo, kwenye chai ya tangawizi, mazungumzo yakaangukia kwenye dira. Mwenzetu mmoja akasema kuwa dira ni uvumbuzi wa Ibn Majid, na kwamba Ibn Majid huyohuyo ndiye aliyeleweshwa mvinyo akamwonyesha Vasco da Gama njia ya kwenda Bara Hindi, na ndipo pwani yetu yote ikaangukia mikononi mwa Wareno. Tuliokuwepo tukaitikia kwa vichwa. Ndivyo tulivyosikia tangu skuli. Mzee yule akatuuliza swali moja tu: ni nani aliyemuona?

Hatukuwa na jawabu. Tuliporejea tuliona ni wajibu wetu tutafute, kwani mtu huyu amekufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita na hawezi kujitetea, nasi tumekuwa tukilitaja jina lake kwa ubaya kwenye mabaraza bila ya kuuliza. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Nasaba yake na malezi yake

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid bin Muhammad as-Sa'di, na huitwa pia an-Najdi kwa asili ya ukoo wake. Alizaliwa Julfar katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 Miladia, yaani karne ya 9 Hijria. Julfar ilikuwa bandari ya Ghuba, na leo mahali hapo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Zamani ikihesabiwa ni sehemu ya Oman, kwa hiyo ndugu zetu wa Oman humhesabu kuwa ni wao na ndugu wa Imarati nao humhesabu kuwa ni wao. Ugomvi huo hatuuingii.

Babu yake na baba yake wote walikuwa mu'allim wa bahari. Neno hilo ndilo lililotupa sisi “mwalimu”, lakini chomboni mu'allim hakuwa wa kufundisha watoto. Alikuwa ndiye anayejua njia: nyota gani ifuatwe, mwamba uko wapi, pepo zitageuka lini, nanga itiwe kina gani. Nahodha alikuwa na amri juu ya chombo na mali, lakini katika mwendo mu'allim ndiye aliyesikilizwa. Baba yake alipewa jina la rubani wa pwani mbili, kwa maana ya pwani mbili za Bahari ya Shamu. Rubani ni neno ambalo sisi tumewapa waendesha ndege na tukasahau kuwa lilikuwa la majini.

Baba huyo alitunga utenzi wa Kiarabu wa zaidi ya beti 1000 juu ya njia za Bahari ya Shamu, bahari yenye miamba mingi inayojificha chini ya maji, na ambayo mahujaji walikuwa wakiivuka kwenda Jeddah. Ahmad alijifunza kutokana na utenzi huo na kutokana na safari zenyewe. Alipokuwa mtu mzima akaona kwamba baadhi ya vipimo vya baba yake havikuwa sawa, naye akavisahihisha waziwazi katika maandishi yake. Kumsahihisha baba mbele za watu si jambo jepesi kwa mtu aliyelelewa vizuri, lakini hapa kosa lililoachwa kwa heshima lingewazamisha wasafiri. Tunaona kwamba alifanya adabu iliyo kubwa zaidi.

Walikuwepo kabla yake waandishi watatu wa elimu ya bahari, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan, ambao mabaharia waliwaita simba watatu. Ibn Majid aliwaheshimu, akajiita yeye ni wa nne, lakini akawalaumu kwamba walikusanya habari za wengine bila ya kuzihakikisha kwa safari zao wenyewe. Alikuwa mtu wa kujisifu kidogo, hilo hatulifichi. Vitabu vyake vimejaa maneno ya kujitukuza katika fani yake. Lakini kila anapojisifu huonyesha kipimo, na msomaji anaweza kwenda kukipima.

Mwaka 866 Hijria (1462) alikamilisha utenzi mrefu wa misingi ya elimu ya bahari, na mwaka 895 Hijria (1490) akakamilisha kitabu chake kikubwa cha nathari kiitwacho Kitab al-Fawa'id, chenye sura 12 alizoziita faida. Kazi zake kwa jumla zinakaribia arobaini, na nyingi ni za beti, kwani baharia aliyeko usukani usiku hana taa ya kusomea kitabu. Anachohitaji ni kitu alichokihifadhi kifuani. Miongoni mwake upo utenzi wa kibla, unaowaeleza watu wa nchi za kandokando ya Bahari ya Hindi waelekee wapi wanaposwali. Na katika Fawa'id, anapohesabu visiwa kumi vikubwa mashuhuri, Zanzibar imo, pamoja na Madagaska, Sumatra, Java, Sarandibu, Bahrain na Sokotra.

Dira na sindano

Tuliposema na wenzetu kwamba Ibn Majid hakuivumbua dira, wengine walisikitika. Lakini haki ni haki. Sindano ya sumaku ilijulikana China kabla yake kwa karne kadhaa. Mwaka 1242 Baylak al-Qibjaqi aliwaona mabaharia wa Sham wakiielekeza safari yao kwa sindano inayoelea majini, na akayaandika hayo baadaye. Na katika miaka ya 1290 Sultani al-Ashraf Umar wa Yemen, aliyekuwa mwanachuoni wa falaki, aliandika jinsi ya kutumia bakuli lenye sindano kutafuta kibla. Alichokidai Ibn Majid mwenyewe ni kidogo kuliko tulichomvika sisi: alisema kuwa yeye ndiye aliyeiweka sindano ya sumaku juu ya dira ya mabaharia kwa namna iliyofaa. Watu waliokuja baadaye wakamuongezea.

Dira aliyoitumia iligawanywa sehemu 32, na kila sehemu ikaitwa kwa jina la nyota inapochomoza au inapotua. Suheli, ambayo wavuvi wetu wanaijua na ambayo kwa Kiswahili imekuwa pia jina la kusini, ni mojawapo. Usiku wa mbingu safi nyota ndizo zilizoongoza, na sindano ilikuwa msaidizi wa mchana na wa wakati wa mawingu. Kwa kujua chombo kimefika wapi kaskazini au kusini, mu'allim alipima urefu wa nyota ya Jaa kutoka upeo wa bahari kwa vidole, au kwa kibao chenye uzi uliofungwa mafundo ambao huumwa kwa meno. Duara zima alilihesabu vidole 224, kwa hiyo kidole kimoja ni kama nyuzi 1.6, sawa na mwendo wa kilomita 180 hivi. Ukijua Kilwa ina vidole vingapi kwa nyota fulani, unashuka mpaka uvipate vidole hivyo, kisha unageuza chombo na kuifuata nchi kavu.

Kwa nini sindano huelekea kaskazini? Wakati wake hapakuwa na jawabu. Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza, William Gilbert, ndiye aliyechapisha kuwa ardhi yenyewe ni sumaku, na leo tunajua kuwa nguvu hiyo inatokana na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka chini sana ndani ya ardhi. Kwa nini kipande cha chuma kiwe sumaku, hilo lilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1925 Mjerumani Ernst Ising alichapisha mfano mwepesi ambao wanafizikia wanautumia mpaka leo. Chukulia, kwa mfano wake, kwamba chuma kimejaa visumaku vidogo vidogo visivyoonekana, na kila kimoja hupenda kuelekea anakoelekea jirani yake. Joto hukitikisa kila kimoja kivunje nidhamu. Ising alipiga hesabu ya visumaku vilivyopangwa mstari mmoja, akakuta kuwa mstari mmoja haudumu: joto lolote, hata dogo, hukata mahali pamoja na waliobaki wakageukia kwingine. Ndipo mwaka 1944 Lars Onsager akapiga hesabu ya mistari mingi iliyopangwa ubavu kwa ubavu, na akaonyesha kuwa hapo nidhamu inasimama, kwani aliyeyumba hurekebishwa na wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma, mpaka joto lifike kiwango maalumu ndipo vyote viparaganyike. Kwa chuma kiwango hicho ni nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Sisi tuliposoma hayo tulikumbuka safu za Swalah, na anayetaka kucheka acheke.

Mabaharia wa zamani hawakujua hesabu hizo, lakini walijua matokeo yake. Sindano ikipigwa, ikianguka au ikiunguzwa hupoteza nguvu, kwa hiyo walisafiri na jiwe la sumaku la kuisugulia upya. Na vyombo vingi vya pwani yetu, kama mtepe, vilishonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, basi sindano haikuwa na chuma cha karibu cha kuipotosha kama simu ya kijana wetu juu ya boneti.

Mizigo na msimu

Watu wengi wanapomtaja Ibn Majid humfikiria kama mtu wa nyota. Sisi tumemuona zaidi kama mtu wa mizigo. Kurasa nyingi za Fawa'id zinajibu swali ambalo kila mwenye mali alikuwa akiliuliza: chombo kiondoke siku gani?

Bahari ya Hindi ina pepo mbili, nasi tunazijua kwa majina. Kaskazi huvuma kuanzia kwenye Novemba au Disemba mpaka Machi, na huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili na huvirudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka na bandari za magharibi ya Bara Hindi hufungwa. Ukiondoka mapema mno kwenye kusi pepo haijakaza, na ukichelewa unafika pwani ya Bara Hindi wakati bandari imefungwa na mawimbi yanavunja vyombo. Mlango wa kupitia ni wa wiki chache.

Ibn Majid alizitaja tarehe hizo kwa siku za mwaka wa jua, akihesabu kutoka Nairuzi, siku ya 100, siku ya 170 na kadhalika. Sababu yake ni kuwa mwaka wa Hijria hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, nao ni wa ibada zetu, lakini pepo hufuata jua. Wazee wa Makunduchi na wavuvi wa Pemba walikuwa na hesabu ya namna hiyohiyo kwa miongo ya siku kumi kumi. Ya sherehe za Mwaka Kogwa tuyaache, hukumu yake ina mahali pake. Hesabu ni hesabu.

Sasa tazama mali ilivyokwenda. Mwenye mali wa Khambat katika Gujarat alitoa vitambaa kwa msafiri kwa mkataba wa mudharaba: mmoja ana mtaji, mwingine ana kazi, na faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana. Hapana riba ndani yake, lakini muda una gharama yake hata pasipo riba. Chombo kikikosa kusi kwa siku kumi, vitambaa vimeuzwa, dhahabu na pembe zimenunuliwa, na vyote vinalala bandarini miezi mingi vikingojea pepo ya mwaka unaofuata. Mabaharia wanakula kila siku. Ubao wa chombo unatobolewa na wadudu wa majini. Mwenye mali hawezi kuzungusha mtaji wake kwa biashara nyingine. Ndiyo maana mu'allim mzuri alikuwa na thamani kubwa: alikuwa akiokoa mwaka mzima.

Na hili ndilo lililoijenga Kilwa. Chombo kutoka Arabuni au Bara Hindi kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja. Sofala, ilikokuwa ikitoka dhahabu ya bara, ilikuwa mbali mno kusini, na aliyetaka kwenda huko mwenyewe alilazimika kukaa msimu wa pili. Kwa hiyo wageni waliishia Kilwa, na Kilwa ikachukua jukumu la kuleta dhahabu kutoka Sofala na kutoza ushuru. Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliukuta mji mzuri wenye sultani mkarimu. Utajiri ule ulisimama juu ya upepo na kalenda. Ibn Majid alitunga utenzi mzima juu ya njia ya Sofala, nao hujulikana kwa jina la Sufaliyya. Humo mna pwani yetu, Kilwa, Mafia, Komoro na Madagaska.

Kwa kweli Makambako haikuwa mbali na haya. Reli ile iliyo mbele yetu, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China na kukamilika mwaka 1975 kwa sababu Zambia ilikuwa na shaba isiyokuwa na mlango wa bahari. Njia yake ya kusini ilikuwa imeingia matatani baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Shaba iliyokaa ni hasara hata kama haiozi. Viazi vyetu vilikuwa vinaoza. Dereva alikuwa akituhesabia kwa vidole: kodi ya lori, posho ya utingo, ahadi ya boti ya Unguja iliyokuwa ikitungojea, na kila siku moja ya kukaa inaingia katika bei ya kilo Darajani.

Ibn Majid aliandika pia adabu za kazi. Mu'allim akikague chombo kikiwa bado nchi kavu na akumbuke kila kasoro yake. Asipakie zaidi ya kile chombo kilichozoea kubeba. Asilale hovyo. Awasikilize walio pamoja naye, kisha aamue. Awe na twahara, kwani yuko juu ya bahari kama mgeni wa Muumba wake. Tulipofika kwenye shauri la kutozidisha mzigo tulicheka kwa uchungu, kwani viazi vyetu vilikuwa vimefungwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka halifungiki, na lori limeinama upande. Hatukumlaumu mwingine. Sisi ndio tuliokubali.

Tuhuma

Tunafika kwenye swali la mzee. Vasco da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498 akiwa na uhitaji mkubwa wa rubani. Katika daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa watu wake mwenyewe, imeelezwa kuwa alimzuia chomboni mjumbe wa mfalme wa Malindi mpaka aletewe rubani aliyeahidiwa. Rubani akaletwa. Wakaondoka tarehe 24 Aprili na kuiona pwani ya Calicut tarehe 20 Mei, siku 26 tu, kwani kusi ndiyo kwanza imeanza.

Daftari hilo halimtaji Ibn Majid. Linasema rubani alikuwa Mkristo, na tunajua kuwa Wareno wale walikuwa wakiwadhania Mabaniani kuwa ni Wakristo. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno aliyechapisha mwaka 1552, alisema ni Muislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Cana. Malemo ni mu'allim, na Cana wataalamu wameifasiri kuwa ni neno la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo si jina, ni cheo juu ya cheo. Na Ibn Majid hakuwa Mgujarati. Aidha Wareno walivikuta Malindi vyombo vinne vya Bara Hindi vimetia nanga. Njia ile haikuwa siri ya mtu mmoja: kila mu'allim wa Gujarat alikuwa akiipita kila mwaka.

Basi jina la Ibn Majid limetoka wapi? Limetoka kwa Qutbuddin an-Nahrawali, mwanachuoni wa Makkah, katika kitabu chake juu ya Waturuki wa Uthmania kuiteka Yemen. Yeye ndiye aliyeandika kwamba Ibn Majid alileweshwa na mkuu wa Wafaranji akawaonyesha njia. An-Nahrawali alizaliwa mwaka 1511, miaka 13 baada ya safari hiyo, na kitabu alikiandika katika miaka ya 1570. Alikuwa mtu mwenye elimu, Allaah Amrehemu, lakini hakuwa shahidi, na hakutaja nani alimhadithia. Habari hiyo ikakaa vitabuni. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand alipovitoa vitabu vya Ibn Majid katika maktaba ya Paris, aliiunganisha na habari za Wareno, na kutoka hapo ikaenea katika vitabu vya skuli duniani kote mpaka ikatufikia Unguja na Pemba.

Ibn Majid mwenyewe hakusema popote kuwa aliwaongoza. Mtu yule aliyejisifu kwa kila alichokifanya baharini hakujisifu kwa hili wala hakulijutia. Katika Sufaliyya, ambayo Mrusi Theodor Shumovsky aliichapisha mwaka 1957 baada ya miaka mingi ya kufungwa na serikali ya Stalin, mna beti zinazowataja Wafaranji waliofika Calicut, kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba wa wengine. Wapo wataalamu wanaoona kuwa baadhi ya beti hizo zimetiwa na mkono mwingine. Kwa vyovyote hazina ukiri. Na mwaka 1498 alikuwa mzee, ameshaandika miaka minane nyuma juu ya mu'allim kukaa macho na twahara chomboni.

Hatuapi kwamba haikuwezekana. Lakini Suratul-Hujuraat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu, na ikatukataza dhana. Na hapa hatuna shahidi hata mmoja. Kumsingizia Muislamu ulevi na khiyana kwa habari ya mtu ambaye hakuwepo ni jambo ambalo hakuna kadhi angelipokea.

Wala msiba uliotupata haukutokana na njia kujulikana. Wareno waliporudi kutoka Bara Hindi, waliondoka mwanzoni mwa Oktoba bila ya kungojea kaskazi, na bahari ileile waliyoivuka kwa siku 26 ikawachukua karibu miezi mitatu. Watu thelathini wakafa njiani. Walipoipita Mombasa wakaichoma moja ya meli zao kwa kukosa mabaharia. Kujua njia bila ya kujua msimu kuliwagharimu hivyo. Kilichotushinda sisi ni mizinga. Mwaka 1503 Zanzibar ikalazimishwa kulipa kodi, mwaka 1505 Kilwa ikatekwa na Mombasa ikachomwa. Kisha wakaweka hati iliyoitwa cartaz, na chombo kilichokutwa baharini bila ya hati hiyo kikatekwa na mali yake. Tangu hapo gharama ya mzigo haikuwa tena ya upepo peke yake. Mwenye mali alilipia ruhusa ya kupita katika bahari ya babu zake. Tunapotafuta wa kulaumiwa, hao ndio walioandikwa kwa majina na tarehe.

Baada yake

Kazi yake ya mwisho yenye tarehe ni ya mwaka 906 Hijria (1500). Baada ya hapo hasikiki tena. Mwaka 1554 amiri jeshi wa majini wa Uthmania, Seydi Ali Reis, aliyekwama Gujarat baada ya dhoruba, aliandika kitabu cha bahari hii akitegemea maandishi ya Ibn Majid, na akamsifu kwa uaminifu. Karne tatu baadaye, mwaka 1854, Mwingereza Richard Burton alipoondoka Aden kwa chombo, aliwasikia mabaharia wakimsomea Fatiha Shekhe Majid, mwenye dira. Kisomo hicho wanavyuoni wanakihitilafiana na tumeshakizungumza kwingine. Tunachokitaja hapa ni kuwa watu wa kazi yake hawakumkumbuka kama msaliti.

Wiki iliyopita tulimpigia simu mzee wa Makambako kumpa jawabu la swali lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akamuombea rehema Ahmad bin Majid. Kisha akauliza viazi vilifikaje. Tukamwambia: magunia manne ya chini yalikuwa yameoza.

Wallaahu A'lam.